Kahoʻolawe: Baada ya Mabomu, Zamu ya Mbuzi

Nikiwaeleza watu wa kwetu Marigat, Baringo, kwamba niliwahi kupanda miche kwenye kisiwa ambacho jeshi la Marekani lilikitumia kama shabaha ya mabomu kwa karibu miaka hamsini, wote huuliza swali moja: hukuogopa kulipuliwa? Niliogopa. Lakini kadiri nilivyozidi kwenda kule ndivyo nilivyoelewa kwamba mabomu yalikikuta kisiwa kile kimeshaanza kufa. Walioanza kukiua ni mbuzi, kondoo na ng'ombe. Mimi ni binti wa mfugaji, nimesomeshwa kwa mbuzi, na jambo hilo lilinikaa kooni muda mrefu.

Kahoʻolawe ndicho kidogo kuliko vyote kati ya visiwa vikuu vinane vya Hawaii. Kiko kama kilomita 11 kutoka Maui na ukubwa wake haufiki kilomita za mraba 120. Mlima Haleakalā wa Maui unazuia mawingu, mvua inaishia huko, na Kahoʻolawe kinaachiwa upepo. Mtu wa Baringo hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Wakenya wakisikia Hawaii humkumbuka baba yake Obama, aliyekwenda kusoma Honolulu mwaka 1959. Mimi nilifika kwa sababu ya ndoa, nikapata kazi kwenye kitalu cha miche ya asili huko Maui, na miche yetu mingine ilikuwa ikipelekwa ng'ambo ya pili ya mlangobahari. Nikaona si vizuri kuotesha kitu usichojua kinakwenda kuishi wapi. Nikaandikisha jina langu kwenye orodha ya wanaojitolea, nikasubiri zamu. Orodha ilikuwa ndefu.

Historia nitaipita haraka. Mwaka 1793 nahodha Mwingereza George Vancouver aliwapa wakuu wa Maui zawadi ya mbuzi, na baada ya muda mbuzi wakawa wamefika Kahoʻolawe pia. Kuanzia 1858 kisiwa kilikodishwa kwa wafugaji, wakajaza mifugo kuliko nyasi. Desemba 1941 Pearl Harbor iliposhambuliwa, jeshi likakichukua chote. Meli zilikipiga kutoka baharini na ndege kutoka angani, na majabali ya Kanapou yakawa mahali pa kujaribia topido. Mwaka 1965 jeshi la wanamaji lililipua tani 500 za TNT pale ufukweni, likarudia mara ya pili na ya tatu, kuona kama meli zilizotia nanga karibu zingestahimili mshindo wa bomu la nyuklia.

Waliosimamisha hayo ni wenyeji. Januari 1976 kikundi cha Wahawaii kilivuka bahari bila ruhusa, wakakamatwa, na wenzao wakavuka tena, na tena. Machi 1977 wawili kati yao, George Helm na Kimo Mitchell, walipotelea baharini karibu na kisiwa na hawakuonekana tena. Mapambano yaliendelea mahakamani na mitaani mpaka mwaka 1990, Rais George H. W. Bush alipoamuru mabomu yakome. Mwaka 1994 kisiwa kikarudishwa kwa Jimbo la Hawaii, na sheria ikakataza biashara yoyote pale: ni cha mila na ibada za wenyeji, elimu, uvuvi wa kujikimu na kurejesha mazingira. Jimbo linakishika kwa amana tu, mpaka siku Wahawaii watakapokuwa na serikali yao inayotambuliwa. Sijui nchi nyingine iliyoandika sheria ya namna hiyo kuhusu ardhi ya ufukweni. Kwetu pangeshakuwa na hoteli.

Siku ya kwenda mnavuka alfajiri kabla upepo haujaamka. Mkifika, hamshuki tu na kuanza kutembea. Mnasimama na kupiga hodi: mnaimba maneno ya kuomba ruhusa, na walio nchi kavu wanajibu kwa wimbo. Kiongozi wetu alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa Maui, ambaye sote tulimwita Anti, maana huko kila mtu mzima ni Anti au Anko. Vijana wawili wa chuo walikuwa wakichekacheka wakati wa hodi. Anti hakuwagombeza. Alianza upya wimbo mzima, kutoka mwanzo, mpaka wakanyamaza. Mizigo ilishushwa kwa mstari, kutoka mkono kwa mkono, na kwenye mstari ule aliyekuja na begi kubwa lisilo na sababu alijulikana mara moja.

Baada ya hodi, darasa la mabomu. Tulioneshwa picha: hili lina mkia, hili halina, hili limeshika kutu mpaka linafanana na jiwe. Kanuni ni fupi: kitu ambacho hukukiangusha wewe, usikiokote. Kisha ikatandikwa ramani. Serikali ya Marekani ilitenga dola milioni 400 kwa ajili ya kusafisha kisiwa, na kazi ilipofungwa mwaka 2004 kiasi cha robo tatu ya ardhi kilikuwa kimesafishwa juu juu, na kama asilimia 10 tu ndiyo iliyosafishwa hadi kina cha futi nne. Robo iliyobaki haikuguswa. Kwenye ramani ile kila kipande kina hali yake: hapa unaweza kuchimba, hapa unaweza kukanyaga lakini usichome hata kigingi, hapa usiende kabisa. Ramani hiyo ndiyo inayopanga kila kitu. Mtaalamu wa mimea anaweza kusema bonde hili ndilo zuri kwa mti fulani, na ramani ikasema hapana, na hakuna wa kubishana nayo.

Sasa mbuzi. Jioni ya kwanza, tukiwa tumekaa kwenye turubai, Anti alisimulia jinsi walivyomalizwa. Waliondolewa kwa miaka mingi, wengi kwa kukamatwa, wengi zaidi kwa risasi, na wa mwisho walitoka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kumaliza mbuzi wa mwisho ndiyo kazi yenyewe. Ukiacha dume na jike mmoja, baada ya miaka michache umerudi ulikoanzia. Hawaii wana mbinu ya kumvisha mbuzi mmoja kola ya redio na kumwachia. Mbuzi hapendi upweke, basi atatafuta wenzake mpaka awapate, hata kama wamejificha kwenye genge ambalo binadamu hawezi kulifikia. Wawindaji wanafuata ishara ya redio, wanawaua wale wengine, yeye wanamwacha hai aende akatafute wengine tena. Wanamwita mbuzi Yuda.

Sikulala vizuri. Nimechunga mbuzi tangu kabla ya kwenda shule, na najua hasa jinsi mbuzi aliyepotezana na kundi anavyolia. Nilimpigia baba simu niliporudi Maui nikamweleza. Alinyamaza, kisha akauliza, "Na nyama walipeleka wapi?" Nikamwambia nyingi iliachwa palepale. Akasema, "Basi hao ni watu wasio na njaa." Hakutaka kuendelea na mazungumzo hayo.

Lakini asubuhi yake, kabla ya hiyo simu, nilikuwa nimepelekwa juu, kuelekea Moaʻulanui, kilele cha kisiwa, mita 450 hivi. Huko ndiko niliona. Kati ya robo na theluthi ya kisiwa haina udongo wa juu kabisa. Umebaki ule wa chini, mwekundu, mgumu kama sakafu ya boma lililohamwa. Maji ya mvua hayazami, yanateleza kwenda baharini na kubeba kilichobaki; makadirio ni kwamba kisiwa hupoteza kiasi cha tani milioni 1.9 za udongo kila mwaka. Udongo huo unakwenda kuyafunika matumbawe. Nilikuwa nimezoea kusikia wageni wakija Baringo na kutueleza kwamba mbuzi wanaharibu ardhi, na sisi tukicheka, kwa sababu walikuja na magari na kuondoka na magari. Pale hapakuwa na mgeni wa kunihubiria. Nilikuwa nimesimama juu ya ardhi yenyewe iliyoharibiwa.

Bado nasema mbuzi hana hatia. Kwetu ana mchungaji, ana fisi, ana soko, ana kiangazi, na anahamishwa. Kule aliachwa kwenye kisiwa kisicho na mnyama wa kumla, katikati ya mimea ambayo haijawahi kuota mwiba kwa sababu haikuwahi kuhitaji. Mwenye kulaumiwa ni aliyemleta akaenda zake. Hata hivyo ilibidi atoke, na ningekuwa mimi mwenye uamuzi ningesema atoke. Baba hajui kwamba nasema hivi.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote uko kwenye jabali moja linaloitwa ʻAleʻale, lililosimama peke yake baharini karibu na ufuko wa kusini. Mwaka 1992 wataalamu wawili wa mimea, Steve Perlman na Ken Wood, walilipanda wakakuta vichaka viwili vya mmea ambao sayansi haikuwa na jina lake, si aina mpya tu bali jenasi mpya kabisa. Ukaitwa Kanaloa kahoolawensis. Chavua iliyofukuliwa kwenye tope la zamani inaonesha kwamba ndugu zake walitapakaa katika nyanda za chini za visiwa vingine vya Hawaii. Waliobaki wakawa wawili, juu ya jiwe ambalo mbuzi hakuweza kuruka akalifikia. Mabomu yalianguka mbele yao miaka yote hiyo.

Kitu cha pili kilichonishtua kilikuwa cha nyumbani zaidi. Kazi yetu ya siku moja ilikuwa kukata miti ya kiawe karibu na kambi. Nilipouona nikacheka peke yangu: ni mathenge. Si spishi ileile hasa, huu wao ni Prosopis pallida, lakini mwiba ni uleule, ganda ni lilelile, na ukiukata unachipua kwa hasira ileile. Wa kwanza ulipandwa Honolulu mwaka 1828 na padri Mkatoliki, na sasa umejaa pwani zote kavu za Hawaii. Kwetu mathenge ulipandwa miaka ya 1980 ili tupate kuni na kuzuia jangwa. Ukafunga njia na malisho, na maganda yake matamu yakaozesha meno ya mbuzi. Mwaka 2006 Wailchamus, wafugaji wa Baringo, walikwenda mahakamani, wakampeleka na mbuzi asiye na meno awe shahidi. Nilipowasimulia hilo wenzangu wa Kahoʻolawe walidhani natania. Anti peke yake ndiye hakucheka. Aliuliza kama walishinda. Nikamwambia kushinda walishinda, mathenge bado upo.

Hapo nikajifunza jambo ambalo nimelitumia baadaye. Hawakuikata kiawe yote. Kwenye miteremko ambako ndiyo pekee inayoshika udongo, waliiacha isimame mpaka mimea ya asili ishike mizizi chini yake. Nyumbani nimeshaona watu wakilipwa kufyeka mathenge eneo zima kwa wiki moja, na mvua ya kwanza ikaondoka na ardhi. Mti mbaya unaoshika udongo ni afadhali kuliko uwanja mtupu, angalau kwa muda.

Kupanda kwenyewe kulikuwa kinyume cha kila nilichojua kitaluni. Mahali pengi huruhusiwi kuchimba shimo. Kwa hiyo unapanda juu. Tulipanga marobota ya nyasi za asili ambazo Wahawaii huziita “pili” kukinga mkondo wa maji, udongo unaoteleza unanasa nyuma yake, mbegu zilizomo ndani ya robota zinaota, na taratibu pale panakuwa na kichuguu chenye rutuba kidogo juu ya ile ardhi ngumu. Kichuguu hicho ndicho kinachopokea mche. Mwingi tuliopanda ulikuwa wa ʻaʻaliʻi, yaani Dodonaea viscosa, kichaka kilekile kinachoota kwenye miteremko ya Bonde la Ufa. Ile nyasi iitwayo “pili” nayo iko Afrika Mashariki. Kwa hiyo nilikuwa nimevuka bahari mbili kwenda kupanda mimea ya kwetu iliyofika kule yenyewe zamani za kale, na kung'oa nyasi nyingine za Afrika zilizoletwa na watu kwa ajili ya ng'ombe. Mabomba ya matone yalileta maji yaliyokingwa wakati wa mvua, na kazi kubwa ya siku nyingi ilikuwa kuziba matundu yake. Hakuna anayepigwa picha akiziba bomba.

Na ndege je? Maana watu wengi waliojiandikisha walikuja kwa ajili ya ndege. Visiwa kama hivi viliishi kwa ndege wa baharini. Wanavua mbali, wanarudi kulala na kutaga ardhini, na kinyesi chao ndicho mbolea ya kisiwa kizima. Ukiwaondoa, udongo unakufa njaa hata kama umeutunza. Wengine, kama yule Wahawaii wanayemwita ʻuaʻu kani, huchimba mashimo ardhini na kutaga yai moja kwa mwaka. (Tulitania kwamba ndiye pekee angechimba bila kuangalia ramani.) Ila Kahoʻolawe kina paka mwitu na panya. Ndege anayekaa ndani ya shimo na kifaranga kimoja kisichoweza kuruka kwa miezi ni chakula kilichotengwa mezani. Ndiyo maana ndege hao walibaki kwenye vijisiwa vya mawe vya pembeni, paka wasikofika.

Kijana mmoja mwenye shauku alipendekeza spika za kupiga sauti za ndege usiku ili kuwavutia warudi. Mbinu hiyo ipo, inatumika kwingine Hawaii, na inafanya kazi. Mtaalamu wa ndege aliyekuwa nasi akamjibu kwa upole kwamba kuwaita kabla paka hawajaondolewa ni kuwaita kuja kuliwa. Na kuondoa paka wote kunataka fedha, ndege za helikopta, na watu kutembea usiku mahali ambapo ramani inasema usitembee. Kumbe basi mabomu yaliendelea kuua ndege hata baada ya kunyamaza, kwa kuwalinda paka.

Kwa muda nilidhani tabu hii ni ya Kahoʻolawe tu. Baadaye nilisoma habari za San Clemente, kisiwa cha pwani ya California ambacho jeshi la wanamaji linakimiliki tangu 1934 na bado linakipiga mizinga sehemu ya kusini. Huko nako mbuzi waliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya ugomvi mkubwa na watetezi wa wanyama. Kuna ndege mmoja pale, jamii ya mbwigu, anayechoma mawindo yake kwenye miiba. Mwaka 1998 walibaki 14 porini. Wakaokolewa kwa kuzalishwa kwenye matundu na kuachiwa. Mwaka 2023 mimea minne na shomoro mmoja wa kisiwa hicho viliondolewa kwenye orodha ya Marekani ya viumbe walio hatarini. Mizinga ingali inalia. Habari hiyo ilinichanganya kidogo, kwa sababu nilitaka amani iwe ndiyo sharti la kwanza. Pale sharti la kwanza lilikuwa mbuzi, na bajeti isiyokatika kila mwaka.

Bajeti ndiyo ugonjwa wa Kahoʻolawe. Katika zile dola milioni 400, jimbo lilipata kama milioni 44 za kuendeshea kazi ya kurejesha mazingira, nazo zimekwisha. Februari 2020 moto ulizuka na kuchoma karibu theluthi moja ya kisiwa. Wazima moto hawakuweza kuufuata ardhini kwa sababu ya mabomu yaliyofukiwa. Vifaa vilivyohifadhiwa kambini viliteketea navyo. Nyasi zilizoubeba moto ule ni zile za kigeni. Zenyewe hupona haraka baada ya kuungua, miche ya asili haiponi.

Sehemu moja hakuna aliyeipanda. Ule mlipuko wa 1965 uliacha shimo kubwa ufukweni, maji ya chini yakaingia, likawa kidimbwi chenye chumvi. Ndani yake wanaishi uduvi wadogo wekundu wa asili ya Hawaii. Walipenya wenyewe kupitia nyufa za mwamba. Kila kundi linapelekwa kuwaona, na wapo wanaotoka pale wakisema maumbile hujitibu. Sikubaliani nao. Uduvi walijitibu kwa sababu hakuna mbuzi wala paka anayeishi ndani ya mwamba. Huko juu, kwenye ule udongo mwekundu, miaka zaidi ya thelathini bila bomu haijaleta kitu mahali ambapo hakuna aliyeweka robota la nyasi.

Niliporudi Kenya likizo nilipita Archer's Post, kwenda kumwona shemeji. Uwanja wa mazoezi ya kijeshi uko palepale, wanajeshi wa Uingereza na wa Kenya hufanyia mazoezi huko, na watu na mifugo hupita. Mwaka 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa Wamasai na Wasamburu zaidi ya 200 waliojeruhiwa au kufiwa kwa mabomu yaliyoachwa ardhini kwenye viwanja vya aina hii. Shemeji anachunga karibu na hapo. Nikamweleza kuhusu ramani ya Kahoʻolawe, kila kipande na hali yake, kipi kimesafishwa hadi futi nne na kipi hakijaguswa. Akaniuliza inatolewa ofisi gani. Nikamwambia hiyo ni ya kule. Akasema yeye anataka ya hapa, na kama naweza kuandika barua ya Kiingereza kizuri ataipeleka mwenyewe kwa chifu. Tuliiandika usiku uleule, kurasa mbili. Alinifanya nitoe sehemu yote ya ndege.